Usiwatajie bei: jibu kwa fundi simu aliyeandikiwa na mawakili wa chapa kubwa

Swali: Habari za kazi, Wakili. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Miaka mitatu iliyopita nilinunua jina la tovuti: jina la chapa kubwa ya simu, kistari, halafu neno "fundi", mwisho .com. Juu ya ukurasa nimeweka nembo ya kampuni hiyo. Natengeneza simu za chapa hiyo, na nauza pia chaja na vioo vya simu za aina nyingine. Wateja wengi wananipata hapo. Wiki iliyopita nimepokea barua pepe ya mawakili wao kutoka Ulaya, wananipa siku 10 niwahamishie jina hilo, la sivyo watanishtaki. Jirani yangu anasema niwaambie watoe kwanza dola 5,000. Na mbona yupo mwingine aliyechukua jina la chapa hiyohiyo akaongeza herufi moja tu, na tovuti yake bado ipo hewani? Je, nina haki yoyote? Wanaweza kunifunga?

Jibu: Ndugu yangu fundi, pole kwa mshtuko. Nianze na ushauri wa jirani yako, maana huo ndio unaoweza kukuharibia mambo kabla hata hatujazifikia haki zako. Usiwatajie bei. Usiseme dola 5,000, usiseme 500, wala usiwaulize "mtatoa ngapi?" Kama bado hujawajibu, uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Ukishaandika bei, barua yako itakuwa kielelezo cha kwanza watakachokiambatisha dhidi yako.

Majina yote yanayoishia na .com yako chini ya utaratibu uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani. Kwa kifupi unaitwa UDRP. Siku uliponunua jina lako na kubonyeza "nakubali", uliukubali na utaratibu huo, kwa sababu umo ndani ya mkataba wa kila msajili wa .com, yaani kampuni inayouza majina hayo. Mwenye alama ya biashara akiona jina linaloiga alama yake, halazimiki kuja Dar es Salaam kufungua kesi. Anapeleka malalamiko kwenye kituo cha usuluhishi, mara nyingi kile cha WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, kule Geneva, na kila kitu kinakwenda kwa barua pepe.

Kesi ya kwanza kabisa ya utaratibu huo ilihusu mieleka. Oktoba 1999 Mmarekani mmoja alisajili worldwrestlingfederation.com, na siku tatu baadaye akawaandikia wenye jina akitaka kuwauzia kwa dola 1,000. Januari 2000 mwamuzi akaamuru jina lihamishiwe kwao. Yule bwana hakuwa amefungua tovuti yoyote, hakuwa ameuza kitu kwa jina hilo wala kumdanganya mteja hata mmoja. Bei aliyoitaja ndiyo iliyotosha kuonyesha alichokusudia.

Kampuni inayolalamika inatakiwa kuthibitisha mambo matatu, na yote matatu kwa pamoja. Kwanza, kwamba jina lako linafanana na alama yao kiasi cha kuwachanganya watu. Pili, kwamba huna haki wala maslahi halali katika jina hilo. Tatu, kwamba ulilisajili kwa nia mbaya na unalitumia kwa nia mbaya. Hilo la kwanza sitalipotezea muda: jina la chapa limo humo zima zima, neno "fundi" halitakuokoa hapo. Kesi yako itaamuliwa kwenye la pili na la tatu.

Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo waamuzi wanaitafuta kwenye matendo. Kanuni zenyewe zinataja mifano, na mfano wa kwanza ni huu wa kusajili jina ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayozidi gharama ulizotumia. Ndiyo maana naogopa hiyo dola 5,000. Wewe ulinunua jina ili upate wateja wa vioo na betri, na hiyo ni kazi halali. Ukiomba dola 5,000 unajivika vazi la mtu mwingine, la yule anayekaa anavizia majina ya watu.

Kuna kesi ya Volkswagen ambayo huwa nawasimulia wateja wangu. Mwaka 1996 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Virtual Works ilisajili vw.net. Herufi V na W zilikuwa kweli vifupisho vya jina lao, kwa hiyo walikuwa na hoja nzuri. Baadaye wakaacha ujumbe wa sauti kwenye simu ya watu wa Volkswagen: nunueni ndani ya saa 24, la sivyo tutaliuza kwa atakayepanda bei. Ujumbe huohuo ukasomwa mahakamani, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba jina liende Volkswagen. Ujumbe mmoja wa simu ulizima hoja ambayo ingeweza kuwasaidia.

Yupo pia kijana wa Kanada, Mike Rowe, aliyekuwa na miaka 17. Mwaka 2003 alisajili MikeRoweSoft.com, kwa kuwa jina lake ukilitamka pamoja na neno "soft", la programu, linasikika kama Microsoft. Kampuni ikaahidi kumpa dola 10, gharama ya kusajili. Akakasirika, akadai 10,000. Jibu lililokuja lilikuwa furushi la karatasi linalomtuhumu kwamba lengo lake tangu mwanzo lilikuwa pesa. Magazeti yakamtetea, wakamalizana kwa amani Januari 2004, na akaambulia zawadi kadhaa. Lakini usiweke matumaini yako huko. Alikuwa mtoto wa shule, jina lilikuwa lake la kuzaliwa, na dunia nzima ilikuwa inatazama.

Unachoruhusiwa kuomba bila kujichafua ni gharama zako halisi: ada ulizomlipa msajili kwa miaka mitatu, zenye risiti. Usidhani ukiandika juu ya barua "bila kuathiri haki zangu" bei utakayotaja itafichika. Waamuzi wa kesi hizi mara nyingi wameiangalia hata hivyo.

Sasa swali lako la haki. Unayo haki fulani, na nakuomba uielewe vizuri kwa sababu watu wengi wa kazi yako hawaambiwi. Fundi anayetengeneza kitu cha chapa fulani anaruhusiwa kulitaja jina la chapa hiyo. Utamwambiaje mteja kwamba unatengeneza simu ya aina fulani bila kuitaja? Mwaka 2001 kesi ya okidataparts.com iliweka kipimo ambacho hadi leo waamuzi wanakitumia. Aliyeshtakiwa alikuwa na kibali cha kutengeneza mashine za kuchapisha za Oki Data na kuuza vipuri vyake. Kampuni ikataka jina. Ikashindwa.

Kipimo chenyewe kina masharti, nami nayapima juu ya ukurasa wako kama ulivyonieleza. Unatakiwa uwe kweli unatoa huduma hiyo: unaitoa, meza ipo, wateja wapo. Usiwe umejinunulia rundo la majina ya chapa hiyo hadi wenyewe wakose pa kupita: unalo moja tu, vizuri. Lakini tovuti inatakiwa ihusu bidhaa za chapa hiyo peke yake, na wewe umechanganya chaja na vioo vya simu nyingine. Mteja aliyevutwa na jina lao anaishia kununua cha mwingine, na hapo hoja yako inavuja. Tena unatakiwa useme waziwazi kwamba huna uhusiano na kampuni. Hujasema popote. Juu ya hilo umeweka nembo yao kubwa pale mtu anapofungulia macho. Jiweke kwenye nafasi ya mama wa Mbagala anayeshika simu yake iliyopasuka kioo, anaona jina la chapa, kistari, fundi, halafu nembo ileile iliyo nyuma ya simu yake. Ataamini amefika kwenye kituo cha kampuni yenyewe. Neno "fundi" halimzuii kuamini hivyo. Linaweza hata kumsukuma zaidi, maana kampuni kubwa nazo zina vituo vyao vya ufundi.

Jirani yako akikwambia "ongeza tu maandishi kwamba huna uhusiano nao", ni wazo zuri lililochelewa. Kanuni zinaangalia ulichokuwa unafanya kabla hujapata taarifa ya mgogoro. Marekebisho ya leo yanaonyesha nia njema na nitakushauri uyafanye, lakini hayafuti miaka mitatu ya nembo. Hukumu yangu, kwa jinsi tovuti ilivyo, ni kwamba malalamiko yakifika Geneva, uwezekano mkubwa utapoteza jina. Nakwambia hivi ili upange mambo yako ukiwa macho wazi.

Wapo wadogo waliosimama wakashinda, na ni vizuri ujue walisimamia nini. Madalali wawili wa magari Marekani, mke na mume, walikuwa na buy-a-lexus.com, na hawakuwa mawakala rasmi. Toyota, wenye chapa ya Lexus, walipolalamika, waliondoa nembo na picha, wakaweka juu ya ukurasa maelezo makubwa kwamba wao si Lexus, ila jina wakakataa kuliachia. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema amri ya kuwazuia kutumia neno Lexus ilikuwa imepitiliza. Naye marehemu Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya biashara yake ya kompyuta. Nissan ni jina la ukoo wake, na wasomaji wanaojua Kiarabu watakumbuka kuwa Nisan ni mwezi wa Aprili huko Sham. Kampuni ya magari ikamshtaki mwishoni mwa 1999 ikidai dola milioni 10. Mapambano yakaendelea hadi 2008, na jina likabaki kwake. Nayaheshimu sana mapambano yale. Lakini ni karibu miaka tisa ya mahakama kwa jina alilolibeba tangu tumboni kwa mama yake, na wewe hili lako ulilinunua miaka mitatu iliyopita. Pima.

Umeuliza kuhusu yule mwenye herufi moja ya ziada. Usijilinganishe naye, na usidhani amesalimika kwa kuwa hajaguswa. Kituo cha WIPO peke yake kinapokea malalamiko zaidi ya 6,000 kwa mwaka, na kundi kubwa humo ni majina ya aina hiyo. Mwaka 2005 Google walichukua googkle.com na mengine yanayofanana nalo kutoka kwa mtu aliyetegemea vidole vinavyoteleza kwenye kibodi. Siku hizi mbinu ni chafu zaidi. Andika herufi r na n zikiwa zimeshikana, kisha uziangalie kwenye kioo kidogo cha simu ukiwa juani: utasoma m. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alionyesha jina lililosomeka apple.com herufi kwa herufi, kumbe herufi zote za neno apple ni za alfabeti ya Kisirili, ile wanayoandikia Kirusi. Ukilitazama tu, huwezi kulitofautisha.

Hili linanigusa kwa sababu nimewahi kukaa na mzee aliyelipa pesa kwenye tovuti ya namna hiyo. Alikuja na karatasi alizochapisha, anwani imeandikwa juu ya kila ukurasa. Alinionyesha kwa kidole, akisema "soma, si ndio hawa?" Nikasoma mara mbili kabla ya kuiona herufi iliyozidi. Alikuwa mtu makini, kaweka hadi risiti. Ukielewa kilichompata mzee yule, utaelewa kwa nini kampuni hizi zimeajiri watu wa kutafuta majina usiku na mchana, na kwa nini barua uliyopokea ina ukali ambao wewe hukustahili. Wewe hukuiba, ila umenaswa kwenye wavu uliotandazwa kwa ajili ya wezi.

Kifungo? Huo utaratibu wa UDRP hauna jela, hauna faini, hauna fidia. Mwamuzi anaweza kufanya mawili tu: kulihamishia jina kwa mlalamikaji au kulifuta. Nje ya hapo mambo yanategemea nchi. Sheria ya Marekani ya 1999 inaruhusu mahakama kutoza kati ya dola 1,000 na 100,000 kwa kila jina lililochukuliwa kwa nia mbaya. Kenya, kwa sheria yao ya uhalifu wa mitandao ya 2018, kifungu cha 28, kutumia kwa makusudi jina au alama ya mwingine mtandaoni bila haki ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Kama una mpango wa kufungua tawi Nairobi kwa jina hilohilo, uache leo. Hapa Tanzania, kama alama yao imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wanaweza kukupeleka mahakamani kwa kuitumia bila ruhusa, na ile nembo ndiyo itakayokuponza kuliko jina.

Kuna fundi mwenzako atakwambia: "hawajasajili BRELA, hawakuwezi." Kwa kesi ya mahakamani hapa nyumbani hoja hiyo ina uzito, kwa sababu ulinzi wa alama iliyosajiliwa unaishia kwenye mipaka ya nchi ilikosajiliwa. Kwa UDRP haina uzito wowote. Wakiwa na usajili Ujerumani au Korea au popote, inatosha. Na usichanganye jina la biashara na alama ya biashara. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA kinakuruhusu kufanya biashara, hakikupi umiliki wa alama.

Sasa fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza hakikisha barua ni ya kweli. Matapeli nao hujifanya mawakili wa chapa, na wanachotafuta ni msimbo wa kuhamishia jina. Tafuta mwenyewe tovuti ya ofisi hiyo ya mawakili, usibonyeze kiungo kilicho kwenye barua, kisha uwaandikie kwa anwani utakayoikuta huko ukiuliza kama barua ni yao. Msimbo usimpe mtu yeyote kabla ya makubaliano ya maandishi. Wala usikimbilie kulihamishia jina kwa shemeji au rafiki ili lisionekane kwako, kwa sababu waamuzi wanaijua mbinu hiyo na wanaihesabu kuwa nia mbaya.

Leo hiihii ondoa nembo. Ondoa chaja na vioo vya chapa nyingine. Weka juu kabisa, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwenye simu: "Sisi ni mafundi wa kujitegemea. Hatumilikiwi, hatukuidhinishwa na wala hatuna uhusiano na kampuni inayotengeneza simu hizi." Kabla ya kubadilisha, piga picha ukurasa wa zamani na uhifadhi, pamoja na risiti za wateja, ili siku ukiulizwa uonyeshe kwamba kazi ilikuwepo kweli.

Halafu anza kuhama. Najua jina hilo ndilo linalokuletea wateja na ndilo linalokuuma. Sajili jina lako mwenyewe, la meza yako, kwenye .co.tz. Wajulishe wateja wote ulio nao kwenye WhatsApp, badilisha anwani kwenye ramani ya Google, kwenye risiti na kwenye kibao cha mezani. Jina jipya likianza kukolea, lipeleke BRELA lisajiliwe kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Kesho ukimkuta mtu amechukua jina lako kwenye .tz kwa hila, ni wewe utakayekuwa mlalamikaji, maana malalamiko ya .tz nayo yanapokelewa WIPO.

Wakikuwahi wakafungua malalamiko, usinyamaze. Utakuwa na siku 20 za kujibu, na ukiomba utaongezewa 4. Wao watalipa dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja, wewe kujibu hulipi kitu. Anayenyamaza hashindwi moja kwa moja, lakini mwamuzi anabaki na maneno ya upande mmoja, na sijaona wengi waliopona hivyo.

Gharama hiyo ndiyo nguvu yako ya kujadiliana. Kwao ni nafuu kukulipa ada zako za usajili na kukupa miezi miwili kuliko kulipa dola 1,500 pamoja na mawakili. Kwa hiyo waandikie, kwa Kiingereza, mambo haya wala usiongeze neno:

"Nimepokea barua yenu. Mimi ni fundi wa kujitegemea, Dar es Salaam, na nimetumia jina hili kwa miaka mitatu kutangaza utengenezaji wa simu za chapa yenu. Sikulisajili ili niliuze, na siliuzi. Nimekwisha ondoa nembo na nimeeleza wazi kwamba sina uhusiano nanyi. Niko tayari kulihamisha jina baada ya siku 60, muda ambao wateja wangu wataelekezwa kwenye anwani yangu mpya, na ninaomba mnirudishie ada za usajili kwa mujibu wa risiti zilizoambatishwa. Naomba pia mthibitishe kwa maandishi kwamba baada ya hapo hamtakuwa na dai lolote dhidi yangu."

Itume kabla ya siku ya kumi, kwa barua pepe ileile uliyothibitisha kuwa ni yao. Wakikujibu kwamba siku 60 ni nyingi, kubali 30. Sentensi ya mwisho usikubali waiondoe.